MSHAHARA NI WA WATU WANGAPI?

Maneno ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025



Hesabu za Chama zimekwisha kusomwa, nanyi mmezikubali. Lakini kabla ya kukifunga kitabu cha mwaka, Kamati imeona yatupasa kusema juu ya jambo moja lililoleta manung'uniko baina ya wanachama wakaao nyumbani na wale wafanyao kazi mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mkutano wa mwaka jana tulipatana kwamba mwanachama mwenye mshahara mkubwa atoe mchango mara tatu ya ule wa mwanachama wa kawaida, ili mfuko wa karo na mfuko wa mazishi ipate nguvu. Majina yakaandikwa kwa kufuata vyeo. Kufikia katikati ya mwaka, wengi wa wale walioandikwa juu ya orodha walikuwa nyuma kwa malipo. Yakasemwa mengi: ati watu wa mjini wana mkono wa birika, ati wamesahau walikotoka. Mzee wetu mmoja akauliza swali ambalo hata leo halijajibiwa: "Mtu apokeaye shilingi laki moja kila mwezi asipokuwa tajiri, tajiri ni nani?"

Swali hilo ni la haki, na aliyeliuliza hakuuliza kwa ubaya. Leo twataka kulijibu.

Mwezi wa Julai mwaka huu tulimzika mmoja wa wanachama hao. Wengi wenu mwamjua, nasi hatutamtaja jina. Alikuwa mkuu wa idara katika ofisi moja ya Nairobi, mtu mpole, avaaye koti na tai, na kila alipokuja nyumbani watu walimngoja njiani. Jina lake lilikuwa la pili katika orodha yetu, na michango yake ya miezi mitano ilikuwa haijalipwa. Baada ya matanga, mjane wake aliwaita watu watatu wa Kamati, akawapa karatasi za marehemu wazitazame, kwa kuwa hakujua aanzie wapi. Ni yeye aliyeturuhusu, tena aliyetutaka, tuyaseme haya mbele yenu.

Karatasi ya mshahara ya mwezi wa Juni 2025 ilionyesha shilingi 100,000 kamili. Ndiyo hiyo laki moja tuliyokuwa tukiisikia. Chini yake yalikuwapo makato. Kodi ya mapato ilichukua karibu shilingi 19,800. NSSF ilichukua 4,320. Bima ya afya ya jamii ilichukua 2,750, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ulichukua 1,500. Zilizobaki ni karibu shilingi 71,600.

Ilikuwapo karatasi nyingine, ya mwaka 2022, na mshahara ulikuwa ni ule ule wa laki moja. Mwaka ule NSSF ilikata shilingi 200, na bima ya hospitali 1,700, na baada ya kodi mtu huyu alikwenda nyumbani na karibu shilingi 76,000. Basi katika muda wa miaka mitatu, pasipo kushushwa cheo wala kufanya kosa lo lote, alipungukiwa na shilingi 4,400 hivi kila mwezi. Hatusemi kwamba makato yote ni hasara. Fedha za NSSF ni akiba ya mtu mwenyewe kwa siku za uzee, na mwajiri naye hutia kiasi kile kile. Lakini akiba ya uzeeni hainunui unga wa leo.

Na tuendelee na hesabu. Katika shilingi 71,600, chama cha akiba na mikopo kilichukua 18,000, maana marehemu alikopa ili amsomeshe mdogo wake na aanze kujenga nyumba hapa nyumbani. Zikabaki 53,600. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili ilikuwa 22,000, zikabaki 31,600. Karo ya watoto watatu, aliyoiweka kando kidogo kidogo kila mwezi, ilikuwa 12,000, zikabaki 19,600. Nauli za matatu, yeye na watoto, zilikuwa shilingi 250 kwa siku kwa siku 26, yaani 6,500. Zikabaki 13,100.

Ndugu wanachama, hizo 13,100 ndizo zilizokuwa za chakula cha watu saba, na umeme, na maji, na gesi ya kupikia, na dawa za mama yake mzazi. Hatujataja nguo, wala harusi, wala matanga ya watu wengine, wala mchango wa Chama hiki mara tatu. Upungufu aliujaza kwa mikopo ya simu, akikopa kwa huyu ili amlipe yule. Hapa nyumbani kuta za nyumba yake zimefika madirishani, na hapo zimesimama.

Tulikuta pia daftari dogo alimoandika madeni yake. Katika ukurasa wa mwisho, deni la Chama hiki liliandikwa la kwanza, na kando yake tarehe aliyokusudia kulilipa. Tarehe hiyo ilikuwa majuma mawili baada ya mazishi yake. Sisi tuliokuwa tukisema habari za mkono wa birika tuliinamisha vichwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Pengine mtu atasema: "Lakini tulisikia katika redio kwamba kupanda kwa bei kumepungua." Ni kweli. Mwezi wa Oktoba 2022 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 9.6 kwa mwaka, na kufikia Oktoba 2024 zilikuwa zikipanda kwa asilimia 2.7. Walakini habari hiyo imeeleweka vibaya na wengi. Aliyepanda ngazi mbio, kisha akaendelea kupanda polepole, hakushuka. Yu juu kuliko alipokuwa. Kilichopungua ni mwendo. Tazameni mafuta ya magari. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule lita moja mjini Nairobi ilipita shilingi 200. Mafuta yakipanda, nauli hupanda, na kabichi iliyobebwa kwa lori hupanda pamoja nayo. Mafuta yaliposhuka baadaye, ni wangapi kati yenu walioona nauli ikishuka kwa kadiri ile ile? Basi mshahara uliosimama mahali pamoja huku bei zikipanda ni mshahara unaopungua, ijapokuwa tarakimu zake hazibadiliki.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waliacha kazi, maelfu kwa maelfu, kwa muda wa siku kumi na mbili hivi, kwa sababu mishahara yao ilikuwa imeshindwa na bei za vitu zilizopanda wakati wa vita. Mwaka 1954 halmashauri iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika, ikakiri jambo ambalo baba zetu walilijua siku nyingi: kwamba mshahara ulikuwa ukihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja mseja, kana kwamba hana mke wala watoto. Halmashauri ikashauri kwamba mshahara uhesabiwe kwa mtu pamoja na jamaa yake.

Twawakumbusha habari hiyo kwa sababu moja. Wakubwa wa siku zile walimwona mtu mmoja mbele yao, wakasahau wote waliokuwa nyuma yake. Sisi nasi, tulipoiandika orodha yetu mwaka jana, tulimwona mtu mmoja na cheo chake. Tulisahau kuuliza mshahara ule ni wa watu wangapi. Kosa tulilowalaumu wageni tulilifanya wenyewe, tena kwa ndugu yetu. Kamati yakiri kosa hilo, na yaomba radhi kwa mjane na watoto.

Sasa twamjibu Mzee wetu. Ninyi wazee mwajua desturi ya kumwazima mtu ng'ombe amkamue. Maziwa hunywa yeye na watoto wake, na apitaye njiani humwona kuwa mtu mwenye neema. Lakini ng'ombe si wake, na ndama si wake. Siku mwenyewe atakapokuja kumchukua, kibuyu kitakauka jioni ile ile. Mshahara mkubwa ni ng'ombe wa kuazimwa. Ni neema kubwa, na asiyeshukuru ni mpumbavu. Lakini utajiri ni ndama aliyebaki zizini baada ya ng'ombe kurudishwa. Ukitaka kujua kama mtu ni tajiri, usiulize apokea kiasi gani. Uliza maswali matatu: walishwa wangapi na mshahara huo? Hubaki nini mwisho wa mwezi? Na siku utakapokoma, ni kitu gani kitakachosimama?

Hata hivyo hatutaki mwenye laki moja atoke hapa akijihurumia kuliko wote. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika miji mikubwa, kilichotangazwa mwishoni mwa mwaka 2024, hakikufika shilingi 17,000 kwa mwezi, na kibarua huyo hununua unga katika duka lile lile. Wako wanachama wetu wa namna hiyo, na wengine wao hawakukosa mchango hata mwezi mmoja. Tena ni kweli kwamba wako wenye mishahara mizuri ambao fedha zao hupotea kwa anasa na kwa kutaka kuonekana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu mambo manne, nanyi mtayapigia kura.

La kwanza, mchango wa kila mwanachama uwe kima kimoja. Mwenye uwezo wa kuongeza aahidi mwenyewe kwa Mweka Hazina, kwa siri, na aweze kuipunguza ahadi yake pasipo kusomwa jina hadharani.

La pili, mazishi. Katika matanga ya ndugu yetu tulichinja ng'ombe wawili, tukakodi mahema kwa siku nne. Mwezi uliofuata watoto wake walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Twashauri mfuko wa mazishi ulipe sanduku, gari na mlo mmoja tu. Na kitakachobaki kiwe karo ya mayatima kwa mwaka mzima. Wafu huheshimiwa zaidi kwa watoto wao kusoma kuliko kwa nyama tunayokula sisi.

La tatu, wenye mishahara waweke daftari, na mume na mke walisome pamoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote ya mfanya kazi kupita theluthi mbili za mshahara wake. Lakini sheria hiyo huona yale tu yaliyoandikwa katika karatasi ya mshahara. Mkopo wa simu hauoni. Mwanachama akielemewa, na aje kwa Kamati mapema. Mficha uchi hazai.

La nne ni ombi kwa Wazee na kwa jamaa zetu wote. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na kila mwenye taka huja kuzitupa hapo. Mtoto wenu akija kutoka mjini, msimwulize kwanza amewaletea nini; mwulizeni hali yake, kisha mkae mjibiwe. Na mzigo wa kusomesha watoto wa ukoo msimtwike mmoja kwa sababu tu avaa tai. Na ninyi mlio mjini, msiogope kusema, "Mwezi huu sina." Aliyekufa hakuweza kuitamka sentensi hiyo mbele yetu, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumwandika kuwa tajiri.

Chama hiki kilianzishwa ili mtu wetu akianguka ugenini asianguke peke yake. Mwaka huu mmoja alikuwa akianguka polepole mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tukimdai. Twaomba jambo hilo lisitokee tena, na ndiyo maana tumetaka maneno haya yaandikwe katika kitabu cha mwaka, wapate kuyasoma na watakaotufuata.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo ya Kamati. Sasa twaomba kura za wanachama.