Sifa Bila Hesabu: Kujitukuza kwa Wanasiasa na Gharama Yake kwa Utawala



Kwa desturi, anayetoa mhadhara wa uprofesa hupitia kazi aliyoifanya tangu ajiunge na chuo. Naomba radhi, leo sitafanya hivyo. Kuna hoja niliyoisikia kwenye kongamano la fani yetu, ikapigiwa makofi mengi, na tangu hapo imenikaa rohoni. Msomi mwenzangu, ninayemheshimu, alisema kwamba sisi tunaolalamikia mabango, fulana na kanga zenye sura za viongozi hatujaielewa demokrasia. Kwa maoni yake, kujitangaza ndiko kunakompa mpiga kura taarifa. Mbunge asiposema amejenga darasa, mwananchi atajuaje? Na asipopata sifa, atajenga ili iweje? Sifa, alisema, ndiyo mshahara wa uwajibikaji. Ukiuzuia, kazi inasimama.

Hoja hii haikuzuka hewani. David Mayhew, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Bunge la Marekani, alionyesha kwamba mwakilishi anayetaka kuchaguliwa tena hushughulika na mambo matatu: kujitangaza, kudai sifa na kutamka misimamo. Mengine tunayoyajua kuhusu siasa za ufadhili barani Afrika, kuanzia Ekeh na umma wake wa aina mbili hadi Bayart na siasa za tumbo, nayapita haraka kwa kuwa waliomo humu wameyafundisha miaka mingi kuliko mimi. Ninachotaka ni kuishika hoja ya mwenzangu na kuikagua, kwa sababu ikiachwa isimame, kila bango litakuwa na cheti cha kitaaluma.

Hoja hiyo inategemea madai matatu. La kwanza, kwamba anayedai sifa ndiye aliyeifanya kazi. La pili, kwamba anachokitangaza ndicho mwananchi anachohitaji kukijua. La tatu, kwamba sifa humsukuma kiongozi afanye kazi zaidi. Nayakataa yote matatu.

Tuanze na la kwanza. Cesi Cruz na Christina Schneider walichapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu mradi mkubwa wa maendeleo ya jamii nchini Ufilipino uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mameya hawakuwa na kauli juu ya mji upi upate mradi. Hata hivyo, mameya wa miji iliyopata walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa tena, na njia waliyoitumia ilikuwa hiyo hiyo: kujitokeza, kutembelea, kudai. Mpiga kura alimlipa mtu kwa kazi isiyokuwa yake. Ikiwa sifa ni mshahara, basi huu ni mshahara hewa, na sisi Watanzania tunajua maana ya mshahara hewa.

Hapa nyumbani hali ni ile ile. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua darasa linavyojengwa. Wananchi wanachanga, wanafyatua tofali, wanabeba mchanga na maji, wanapandisha boma mpaka kwenye lenta. Halmashauri inatafuta fedha kwenye mapato yake ya ndani. Serikali Kuu inaleta fedha za umaliziaji. Kisha, siku ya kuezeka, anafika mheshimiwa na mabati, na jina linaloandikwa ukutani ni lake. Hata mabati yenyewe mara nyingi yametoka kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo ni kodi, na sheria ikamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayozigawa. Yule anayepaswa kuisimamia Serikali bungeni amepewa kiti cha kugawa fedha za Serikali jimboni. Kenya walikuwa na mfuko wa namna hiyo tangu 2003, na tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Juu iliitangaza sheria yake ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba. Moja ya sababu ni huku kuchanganya kazi ya mtunga sheria na kazi ya mtekelezaji.

Dai la pili linahitaji tulitazame kwa karibu. Chukueni jiwe la msingi. Katika kazi zangu za uwandani nimezoea kusimama mbele ya kila jiwe ninalolikuta na kulinakili. Moja lipo kwenye zahanati ya kijiji nisichotaka kukitaja, maana watu wake hawajanituma. Ni bamba jeusi la marumaru, herufi zimepakwa rangi ya dhahabu. Limeandikwa kwamba jiwe hilo limewekwa na Mheshimiwa fulani, cheo chake kikiwa kirefu kuliko jina lake, na tarehe. Basi. Halisemi jengo litagharimu kiasi gani, fedha zimetoka wapi, fundi ni nani wala litakamilika lini. Nyuma ya bamba hilo boma limesimama bila paa na mibaazi imeota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Mwenzangu anaita hiyo taarifa. Mimi nasema ni taarifa kuhusu mgeni rasmi. Kuhusu zahanati haijasema neno. Hata ubao wa mradi tunaouona barabarani, wenye jina la mteja, mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama na muda wa mkataba, unamwambia mpita njia mengi zaidi, na hauna sura ya mtu.

Hapa naomba mnivumilie niizungumzie nyaraka ninayoipenda kuliko zote katika maktaba yetu: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Wanafunzi wangu wanajua ninavyowalazimisha kuisoma. Mwaka wa fedha unakwisha Juni 30. Kufikia mwisho wa Machi CAG humkabidhi Rais ripoti. Na Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kikao kinachofuata. Someni ripoti ya Serikali za Mitaa. Inaeleza kilichotakiwa na sheria, kilichokutwa, athari yake, na pendekezo. Inazipanga taasisi kwa hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, mbaya. Kisha inarudi kwenye mapendekezo ya miaka iliyopita na kusema yapi yametekelezwa, yapi yanaendelea, yapi hayajaguswa. Mwaka baada ya mwaka mtakuta kundi la miradi iliyokamilika lakini haitumiki: jengo lipo, vifaa hakuna, nyumba ya mganga ipo, mganga hakuna. Hiyo ndiyo lugha ya utawala bora. Haipambi mtu wala haimtukani; inataja kiasi, mahali na aliyepaswa kuchukua hatua. Nawasihi wenzangu wa fasihi nao waisome, kwa maana sijaona nathari ya Kiswahili inayojizuia kwa uadilifu namna ile.

Wanaoileta lugha hiyo hawapendwi. Aprili 2019 Bunge letu liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kusema katika mahojiano kwamba kutofanyia kazi ripoti zake ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Nalitaja jambo hili kwa uchungu. Taifa linalompa mwenye bango kiti cha mbele na kumfungia mlango mwenye hesabu limechagua aina ya taarifa inayoitaka.

Dai la tatu, kwamba sifa huleta kazi, ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Sifa huleta kazi ya aina moja tu: ile inayoweza kuzinduliwa. Darasa jipya lina utepe wa kukata, lakini kupiga plasta darasa bovu hakuna utepe. Kisima kinazinduliwa kwa ngoma. Pampu yake ikifa miaka miwili baadaye, anayehitajika ni fundi, kipuri na kamati ya maji yenye akiba benki, na hakuna mheshimiwa anayepigwa picha akikabidhi kipuri. Dawa kwenye rafu, mshahara kwa wakati, matundu ya choo yaliyonyonywa kabla hayajafurika: hayo ndiyo maisha ya mwananchi, na hayana mgeni rasmi. Kwa hiyo kiongozi anayelipwa kwa sifa ataanzisha kuliko kumaliza, na atajenga kuliko kutunza. Maboma yaliyotapakaa nchini ni matokeo halali kabisa ya nadharia ya mwenzangu.

Tena sifa humbadilisha anayeipokea huduma. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na uwezo na kuchochea rushwa. Tulishangilia. Lakini takrima ya wakati wa kampeni imeacha ndugu yake anayeishi miaka yote mitano: shukrani ya kulazimishwa. Mwananchi anasimamishwa juani kumshukuru mtu kwa dawati lililonunuliwa kwa kodi yake. Na aliyekwisha kushukuru hadharani ataulizaje kesho yake bei ya dawati?

Shangazi yangu aliuliza. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mwanamke wa darasa la nne. Kwenye mkutano wa kijiji, baada ya mgeni kusifiwa na kwaya kuimba, mtendaji alipotaka kufunga mkutano, shangazi alisimama akasema, "Mapato na matumizi hayajasomwa." Mtendaji akasema muda umekwisha. Shangazi hakukaa. Watu waliokwisha kunyanyuka wakarudi chini mmoja mmoja, na karatasi ikasomwa: saruji kiasi hiki, misumari kiasi hiki, fundi kiasi hiki. Nilikuwa kijana niliyekaa kwenye nyasi, na nikaona mkutano mzima ukigeuka. Watu walioitikia nyimbo sasa walikuwa wakibishana kuhusu bei ya msumari. Imani yangu ya kitaaluma ilianzia hapo: kwamba kiasi cha fedha kikitajwa hadharani, mahali zinapotumika, kina nguvu kuliko chombo chochote cha kupambana na ufisadi.

Nimeipima imani hiyo kwa haki kadiri nilivyoweza. Ushahidi wake maarufu uko kwa jirani zetu Uganda. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule ya msingi ilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yake. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini fedha zinazotumwa wilayani na kuagiza zibandikwe shuleni. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Paul Hubbard, mwaka 2007, akaonya kwamba gazeti halikufanya kazi hiyo peke yake. Kulikuwa na mageuzi mengine makubwa ya fedha na elimu wakati ule ule. Ana haki. Utafiti wa pamoja wa Metaketa, uliochapishwa 2019 na kuhusisha nchi kadhaa zikiwemo Benin, Burkina Faso, Mexico na Uganda, nao ukakuta kwamba kuwapa wapiga kura taarifa za utendaji wa wanasiasa, kwa wastani, hakukubadili kura. Nao nimeusoma kwa makini.

Hata hivyo sijatikisika. Tafiti za Metaketa zilimpelekea mpiga kura taarifa uchaguzi ukiwa umekaribia, kumhusu mgombea. Mimi ninazungumzia fedha za mahali fulani, mwaka mzima, zikisomwa mbele ya majirani wanaoweza kuulizana. Kule Brazil, Claudio Ferraz na Frederico Finan walikuta kwamba mameya waliokutwa na ufisadi katika ukaguzi uliopangwa kwa bahati nasibu waliadhibiwa zaidi na wapiga kura katika miji yenye redio ya mahali. Na hapa kwetu, kiongozi wa mbio za Mwenge anapodai nyaraka za mradi na kukataa kuuzindua kwa sababu bei hazieleweki, halmashauri nzima hukesha ikitafuta risiti. Uzinduzi ule ule uliokuwa pambo unageuka ukaguzi pale mtu mmoja anapoomba hesabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuwe na kifungu cha Katiba kama Ibara ya 37 ya Katiba ya Brazil ya 1988, inayokataza matangazo ya kazi za umma kubeba majina, alama au sura za kumkweza kiongozi. Mexico iliweka katazo la namna hiyo katika Ibara yake ya 134 mwaka 2007. Pasiwe na mwanya kwa vyeo. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2015 iliziruhusu picha za wakuu watatu tu wa dola katika matangazo ya Serikali, na kufikia mwaka uliofuata ikawa imewaongeza mawaziri na magavana. Pili, kila jiwe la msingi libebe gharama, chanzo cha fedha, jina la fundi na tarehe ya kukamilika, na aliyeliweka awe wa mwisho kuandikwa. Tatu, mapato na matumizi yasomwe kabla ya mgeni rasmi kuzungumza, si baada yake.

Sehemu yetu sisi wanachuo haihitaji sheria. Kuanzia mwaka huu wa masomo, kila mwanafunzi wa mwaka wa pili katika idara yetu atachukua ripoti ya CAG, atafute hoja zinazoihusu halmashauri anakotoka, aende nazo kijijini kwao wakati wa likizo na kuzisoma kwenye mkutano mkuu. Maksi zitatolewa kwa maswali atakayoulizwa na wananchi na majibu aliyoyapata kwa mtendaji. Wakuu wa idara nyingine, nawaomba mfanye vivyo hivyo.