Vuli Ziwani: Tutembee Majini na Turudi Salama

Matini ya hotuba iliyotolewa Kampala mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani



Tunawakaribisha Kampala, ninyi mliotoka Majanji na Kasensero, Ntoroko na Panyimur, Katwe na Rwenshama. Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya magendo, wizi wa injini na nyavu haramu. Leo tumewaita tuzungumze juu ya starehe. Starehe nayo ina misiba yake, na misiba hiyo mara nyingi hutufikia sisi na ninyi kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, miezi hii ni ya majani kupukutika, na wenye mashua huanza kuzifunika wakingoja baridi ipite. Kwetu mambo ni kinyume. Vuli ni mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba, na ni katika miezi hiyo hiyo ndipo shule hufungwa, harusi huongezeka na Krismasi hubisha hodi. Watu wa mjini huja Ggaba, Munyonyo na Port Bell kutafuta boti. Huvuka kwenda visiwa vya Ssese, au kutazama sokwe wa kisiwa cha Ngamba. Wengine hupanda magari hadi Kabale, wakapige makasia Bunyonyi. Huko kwenu nako, jamaa wanaorejea kwa sikukuu hutaka kuonyeshwa ziwa. Kwa hiyo majira ambayo maji huchafuka ndiyo yale yale ambayo watu wasioyajua maji huyaendea kwa wingi.

Hatukuja kuwazuia watu kufurahi. Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni neema tuliyogawiwa pamoja na ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Asubuhi tulivu juu ya maji hayo humpumzisha mtu kuliko dawa. Tunalotaka ni kwamba aliyetoka kwake akicheka arudi akicheka.

Turuhusuni tukumbushe Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018. Chombo kiitwacho MV Templar kilikuwa katika matembezi ya starehe kikiwa na watu wengi kupita uwezo wake. Jioni, karibu na ufuko wa Mutima katika wilaya ya Mukono, kilipinduka na kuzama. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao vijana waliokuwa wakicheza muziki dakika chache kabla. Ilibainika kwamba chombo hakikuwa na leseni na kwamba hali yake ilikuwa mbovu. Jaketi za kujiokolea zilikuwamo, lakini wengi hawakuwa wamezivaa. Hakukuwa na orodha kamili ya abiria, hivyo kwa siku kadhaa hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini tulikuwa tukitafuta watu wangapi. Waliowahi kufika kuokoa ni wavuvi wa karibu, watu kama ninyi, kwa mitumbwi yao wenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo, siku ya Krismasi ya mwaka 2016, chombo kilichobeba wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa kwenda Hoima kilizama katika Ziwa Albert. Taarifa za polisi za siku zile zilisema kwamba watu walikuwa wakishangilia, kisha wengi wakasogea upande mmoja wa chombo.

Ndugu zetu, misiba hiyo miwili inatufundisha mambo ambayo hayahitaji elimu kubwa.

La kwanza ni uzito. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake umekaa chini na umegawanyika sawa. Abiria wakijaa ghorofa ya juu ili wapate upepo, au wakikimbilia upande mmoja wapigwe picha, hulala upande huo. Maji yakishaingia ndani, nayo hukimbilia huko huko, na hapo nahodha hana tena la kufanya. Kwa hiyo abiria aulize kabla ya kupanda: chombo hiki kinaruhusiwa kubeba watu wangapi, na sasa tuko wangapi? Akiona idadi imezidi, ashuke. Nauli iliyopotea hurudi. Sheria ya mwaka 2021 ya usafiri wa maziwa na mito inataka vyombo visajiliwe na viwe na leseni. Kuomba kuionyeshwa leseni hiyo ni haki ya abiria, na nahodha mwema hachukii.

La pili ni saa ya kusafiri. Wavuvi wazee wanalijua jambo hili kwa mazoea, nasi tulieleze kwa sababu zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hugeuka, na pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya maji yaliyobaki na uvuguvugu, zikainua mawingu makubwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria huzuka usiku na alfajiri. Matembezi ya starehe yaanze jua likiwa limepanda, na kila mtu awe nchi kavu kabla ya magharibi. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa, kisha mtazame mbingu kwa macho yenu. Wingu jeusi likisimama na upepo ukageuka ghafla kuwa baridi, msibishane. Elekeeni ufuko ulio karibu, hata kama siyo mlioukusudia. Radi haimtafuti mkosaji. Humtafuta aliye juu ya maji yaliyo wazi.

La tatu ni jaketi. Tumesikia visingizio vyote: linachafua nguo ya sherehe, lina joto, linamfanya mwanamume aonekane mwoga, mimi najua kuogelea. Anayejua kuogelea akigongwa kichwa hajui tena. Jaketi lililo chini ya kiti halimfai mtu, kwa maana chombo kinapopinduka hakimngojei abiria afunge mikanda. Livaeni mkiwa bado gatini. Fungeni mikanda yote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, halikukutosha. Mtoto avae la kipimo chake. Asifungiwe la mtu mzima, naye asifungwe kwenye kiti.

La nne ni kileo. Hatusemi kwamba sherehe isiwe na kinywaji, ila tunaomba waragi ungoje nchi kavu. Nahodha na mabaharia wasionje kabisa. Muziki nao upunguzwe kiasi cha kusikia sauti ya nahodha. Na sauti hiyo iwe moja, maana wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

La tano ni orodha. Kabla ya kuondoka, andikeni majina ya wote waliopanda, mahali mnapokwenda na saa mtakayorudi. Karatasi hiyo ibaki kwa mtu aliye mwaloni. Katika daftari la shule ni ukurasa mmoja tu, lakini siku ya msiba ukurasa huo ni tofauti ya kutafuta kwa hakika na kutafuta kwa kubahatisha.

Chombo kikipinduka pamoja na hayo yote, msikiache. Mbao na mapipa huelea. Mtu mmoja mmoja akiogelea gizani haonekani. Shikamaneni nacho, pigeni filimbi, wawekeni watoto katikati. Na wanaokwenda kuokoa wasilete chombo kimoja kwenye kundi la watu wenye hofu bila kamba na maboya ya kurusha, wasije wakapinduliwa nao.

Starehe yenyewe pia ina adabu zake. Jua la ziwani huchoma hata chini ya wingu, kwa hiyo chukueni kofia na maji ya kunywa. Jioni upepo hupenya, hivyo mtoto abebewe sweta kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na simu. Anayechafukwa na moyo akae katikati ya chombo na atazame mbali ufukoni. Wanaotaka kuogelea wajiepushe na maji ya matete kando ya pwani, maana kichocho kingalipo.

Kwa ninyi wa mipakani tunaongeza neno moja. Mpaka wa majini hauna jiwe wala lango, na upepo wa nusu saa unaweza kukufikisha nchi ya pili bila kukusudia. Chukueni vitambulisho hata kwa matembezi mafupi. Mkiona chombo cha jirani, Mkenya, Mtanzania au Mkongo, kiko taabuni, kiokoeni kwanza; habari za mpaka zitazungumzwa watu wakiwa wamekauka.

Mwisho, tuseme jambo ambalo si rahisi kwetu kulisema. Tunajua kwamba wapo wanaomwona mtu mwenye sare ziwani wakageuza mashua. Wanahofu kuulizwa leseni, nyavu au ukubwa wa samaki, na kwa hofu hiyo huchelewa kupiga simu hata watu wanapozama. Ukaguzi una mahali pake na hatutauacha. Lakini anayeomba msaada kwa ajili ya roho ya mtu, swali letu la kwanza kwake litakuwa: wako wapi, na ni wangapi? Nambari ni 999 au 112. Kikosi chetu cha majini kina makao yake Kigo, nacho hakiwezi kuwa katika kila ghuba. Ninyi mko katika kila ghuba. Usiku ule wa Mukono, waliofika kwanza walikuwa wavuvi, nasi tulifika baada yao. Tungependa safari ijayo tufike pamoja, na zaidi ya hapo, tungependa tusiitwe kabisa.

Rudini salama makwenu, mwasalimu wote. Tahadhari kabla ya hatari.