Kijani cha Winam
Msikilizaji, ule ukijani unaotanda Ghuba ya Winam, Kisumu, mzito kama rangi iliyomwagwa, si magugumaji. Ni sainobakteria, wanaonawiri kwa mbolea na majitaka yanayoingia Ziwa Victoria. Baadhi yao, kama Microcystis, hutoa maikrosistini, sumu inayodhuru ini. Na kasheshe ni hii: kuchemsha maji hakuiondoi. Mama anayechota ndoo ufukweni na kubandika sufuria anaua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu inabaki humohumo. Mwaka 2014, mji wa Toledo, Marekani, uliwakataza watu zaidi ya 400,000 kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Wenzetu walipimiwa wakajua. Anayechota moja kwa moja ziwani anapimiwa na nani?