Sumu Humkuta Mdogo Kwanza

Akina mama na walezi wa Hagadera, leo naanzia mbali kidogo, baharini. Mliotoka Kismayo mnamjua chaza, yule mnyama wa magamba mawili anayeshikamana na mwamba. Hata kama humli, msikilize.

Chaza akiwa mchanga huelea majini kwa wiki mbili au tatu, mdogo hata jicho halimwoni, huku mwili wake ukijengeka. Siku hizo kemikali kidogo tu humharibu. Huko Arcachon, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashua zilipakwa rangi yenye kemikali iitwayo TBT ili viumbe vya baharini visizigande. Chaza wakubwa waliishi, ingawa magamba yao yaliota vibaya. Wachanga walikufa kwa wingi, ikawa hakuna wa kurithi. Mwaka 1982 serikali ilikataza rangi hiyo kwa mashua ndogo, na chaza wachanga wakaonekana tena.

Mama, mtoto wako pia ni mwili unaojengwa. Kiasi cha sumu ambacho wewe hukihisi, yeye kinamdhuru. Kule Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014. Watoto wa mtaa huo walipatikana na madini ya risasi katika damu. Risasi hupita kutoka kwa mjamzito hadi kwa mtoto tumboni, na huumiza ubongo.

Hapa kwetu hakuna kiwanda, lakini betri za gari na za sola zipo. Zisivunjwe karibu na nyumba, na watoto wanawe mikono kabla ya kula, maana vumbi la risasi huingia kwa mdomo.

Halafu mtungi wa maji. Ukiwa uliwahi kubeba dawa ya kupe, dawa ya wadudu au asidi ya betri, usitekee maji, hata uuoshe mara kumi. Plastiki hunyonya sumu. Najua mtungi ni pesa, lakini utoboe, jirani asije akauokota.

Na usiache kunyonyesha kwa hofu ya haya.

Mtoto akinywa dawa ya namna hiyo, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe chupa yenyewe ili daktari aone ni dawa gani.