Swali Nalo Hudhuru
Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009. Hapo hakuna ubishi: anayemdunga mtoto sindano ya majaribio sharti apite kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Lakini anayemuuliza mvuvi pale Deep Sea, Tanga, bei ya dagaa, kumsubirisha miezi apate kibali cha kamati ni kumwonea. Swali likigeukia nani anavua kwa baruti, mambo ni mengine kabisa. Jina moja katika daftari la mtafiti laweza kumfunga mtu, au kumgombanisha na majirani zake wote. Kamati ziache maswali ya bei, zikalikague daftari hilo: limeandikwa majina ya nani, linafungiwa wapi, polisi wakilitaka itakuwaje.