Riwaya Zikutanishwe, Zisitenganishwe

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Vingunguti, Dar es Salaam



Vingunguti inajulikana na jiji zima kwa machinjio yake, na kwa viwanda vilivyojipanga kando ya Barabara ya Nyerere, ile iliyoitwa zamani Barabara ya Pugu. Haijulikani kwa vitabu. Hata hivyo vitabu vimo. Vimo katika mkoba wa karani anayegombea daladala alfajiri, vimo chini ya godoro la kijana wa kidato cha pili, na vimo, tena kwa wingi, chini ya madawati, vikisomwa kwa siri wakati mwalimu ameelekea ubaoni. Mwalimu anapogeuka na kukikamata kitabu cha namna hiyo, mara nyingi hutazama jalada tu: bastola, mwanamke aliyevaa gauni jekundu, na jina la mwandishi kwa herufi kubwa. Kitabu huingia kabatini. Mwanafunzi huamriwa kufungua riwaya iliyowekwa na mtaala, na somo la fasihi huendelea: dhamira ni zipi, ujumbe ni upi, msimamo wa mwandishi ni upi.

Mazungumzo haya yanakihusu kitabu kile kilichoingia kabatini, na hiki kilichobaki juu ya dawati, na uhasama uliopandikizwa baina yao bila sababu ya kutosha.

Wataalamu wa vyuo vikuu wamezigawa riwaya za Kiswahili mafungu mawili makubwa, yaani riwaya dhati na riwaya pendwa. Katika fungu la kwanza wamo akina Shaaban Robert, Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Katika la pili wamo waandishi wa upelelezi, wa ujasusi na wa mapenzi: Faraji Katalambulla, Elvis Musiba, Ben Mtobwa na wengineo. Hapana ubaya katika kugawa. Mwenye duka naye hutenga mchele na maharage. Ubaya ulianza pale mgawanyo wa wahakiki ulipogeuzwa amri ya darasani, hata ikaaminika kwamba fungu moja ni la kuwaza na la pili ni la kupoteza wakati.

Historia yenyewe haiutambui mpaka huo. Katika miaka ya 1957 na 1958 shirika la East African Literature Bureau liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili. Aliyeshinda hakuwa mtunzi wa mawaidha. Alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwandishi wa habari aliyepata kuhariri gazeti la Zanzibari na baadaye jarida la Mkulima hapa Bara. Kazi iliyompa ushindi ni Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, riwaya ya upelelezi. Basi riwaya ya kwanza ya upelelezi iliyopata sifa katika Kiswahili iliingia kwa mlango wa mbele, imeshika tuzo mkononi. Walioitoa nje kwa mlango wa nyuma walikuja baadaye.

Inafaa kuitazama riwaya hiyo kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo mtumishi wa umma angelipenda kulijua. Mtu ameuawa, na maiti yake imeonekana mahali pa mzimu, pale ambapo watu hupeleka sadaka na kuogopa. Jibu rahisi lipo tayari: mzimu umeua. Anatokea Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum kando, akalikataa jibu hilo. Hawatukani wanaoamini mizimu, wala hahubiri. Anauliza nani alikuwa wapi, nani amesema uongo, na uongo huo ulimfaa nini. Wahakiki wamemlinganisha na Sherlock Holmes wa Waingereza, na kweli nasaba hiyo haifichiki. Lakini Holmes hakuwahi kusimama mbele ya mzimu wa Waswahili akiwa na watu wazima, wenye heshima zao, wanaomsihi asiuchokoze. Riwaya hii iliyodharauliwa kwa sababu ya jina la pendwa ni mafunzo kamili ya kutafuta ushahidi. Afisa anayepokea ripoti isemayo kwamba fedha zimepotea kwa njia zisizojulikana anaweza kuisoma kwa faida.

Sasa kitabu hicho kiwekwe kando ya kingine, kilichotoka miaka 41 baadaye: Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001. Hiki kimo katika fungu la riwaya dhati, na ni kigumu, kimejaa mambo ya ajabu. Kigogo mmoja aitwaye K, mwenye cheo na starehe, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu hakuja kudai ubani. Amekuja kumwonyesha mjukuu hali ya watu ambao yeye na wenzake wamewasahau. Msomaji aliyetoka kwa Bwana Msa atashtuka. Mwaka 1960 mwandishi wa Zanzibar aliufukuza mzimu kwa nguvu ya akili. Mwaka 2001 mwandishi mwingine wa Zanzibar aliona hapana budi kumwita mfu arudi, kwa kuwa walio hai wenye akili na elimu wamekataa kuona. Nini kilichotokea katikati? Swali hilo haliwezi kuulizwa na msomaji wa fungu moja. Linazuka pale vitabu viwili vinapokutana, kimoja kutoka kabatini na kimoja kutoka juu ya dawati.

Yafaa pia kukumbuka ni nani aliyezisoma riwaya pendwa. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Ilipofika mwaka 1986, baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, walikuwa wamebaki asilimia 10 hivi. Wasomaji hao wapya walifundishwa kwa vitabu vya kilimo bora na vya afya, na vilikuwa na kazi yake. Lakini mtu aliyekwisha kujua kusoma, akapata shilingi chache za kwake, alinunua alichokitaka. Simu ya Kifo ya Katalambulla, ya mwaka 1965, ilikuwa imekwisha kumwonyesha kwamba jiji la Dar es Salaam lenyewe linaweza kuwa hadithi. Mwaka 1974 Musiba akamletea Kufa na Kupona, pamoja na Willy Gamba, mpelelezi Mtanzania anayekabiliana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Mtobwa akaja na Joram Kiango wake, na hakuishia kuandika tu, bali alianzisha na kampuni ya kuchapisha, Heko. Ujuzi wa kusoma usiotumiwa hupotea, na waandishi hawa waliulinda bila kupewa fungu katika bajeti yoyote.

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1994, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipomaliza kazi yake iliyokuwa na makao hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, huenda asijue kwamba mji huu ulipata kuwa na wapigania uhuru wa nchi nyingi, na majasusi waliowafuata. Akimfuata Willy Gamba ataipata hewa ya siku zile. Tarehe atazitafuta kwingine.

Pingamizi lipo, na si la kupuuzwa. Waliozishutumu riwaya hizi walisema wanawake waliomo ni chambo na mapambo, kwamba pombe, hoteli na magari ya fahari vimesifiwa kuliko kazi, na kwamba nyingine ziliandikwa haraka ili kuwahi soko. Ni kweli. Zimo ambazo hazistahili saa moja ya mtu mzima. Lakini kasoro hizo ndizo zinazofaa kujadiliwa mbele ya vijana, badala ya kuachwa wazinywe peke yao gizani. Mwalimu wa kike anayeuliza darasani kwa nini kila mwanamke mzuri katika kitabu fulani ni mwongo, amefundisha uhakiki kwa namna ambayo muhtasari wa maudhui hauwezi. Tena haki itendeke pande zote: baadhi ya riwaya zinazotahiniwa ni nzito kwa sababu tu zimeandikwa vibaya, na uzito huo umedhaniwa kuwa kina.

Mfano ulio bora zaidi wa kukutanisha riwaya unatoka mbali na Dar es Salaam, katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Kisiwa hicho kimelipa taifa waandishi wawili wasiofanana hata kidogo. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapisha katika lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki dunia. Mwingine ni Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa hofu ya kuharibu vijana, kisha baadaye ikaingia katika mtaala kama kitabu cha kusomwa na vijana wale wale.

Kitereza anasimulia ndoa isiyojaliwa watoto. Ndugu wa mume wanamsonga amwache mkewe, wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani, na Myombekere anakwenda kumfuata. Ili ampate lazima aketi na wakwe, aombe, ajibu, atozwe pombe ya ndizi, aitengeneze na kuipeleka. Mambo haya yanachukua kurasa nyingi mno. Msomaji aliyezoea kasi ya Joram Kiango atapiga miayo, na si kosa lake. Lakini akivumilia ataona kwamba katika dunia ya Kitereza hakuna shida isiyowekwa katikati ya watu na kuzungumzwa. Akitoka hapo akaingia nyumbani kwa Zakaria, baba yake Rosa, katika kisiwa hicho hicho, atakuta fimbo imechukua mahali pa mazungumzo. Binti analindwa kwa kupigwa, wala haelezwi analindwa na nini. Siku anapokuwa mbali na fimbo hana neno lolote la kumwongoza, na mwisho wake ni kifo. Kuisoma Rosa Mistika peke yake, kama inavyosomwa kwa ajili ya mtihani, humfanya mwanafunzi aandike kwamba ujumbe ni wasichana wajihadhari. Kuisoma baada ya Kitereza humfanya amwulize Zakaria maswali.

Zipo jozi nyingine. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, hufundishwa kama kitabu cha falsafa. Lakini mfumo wake ni kesi mahakamani, na Karama, mshitakiwa, anaipigania roho yake kwa kusimulia. Anayependa visa vya mahakama ataisoma kwa kiherehere, iwapo hajatishwa mapema na neno falsafa. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, inastahili kusomwa kwa sauti hapa hapa Vingunguti, mbele ya watu wanaobeba mizigo kwa ujira wa siku. Na Vuta N'kuvute yake, ya mwaka 1999, inayowaleta pamoja mapenzi na siasa hata isijulikane iwekwe katika fungu lipi, imekwisha kugeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Wapo watakaoanzia kwenye filamu na kuishia kitabuni.

Litaulizwa swali la upatikanaji. Riwaya nyingi za zamani haziko tena madukani, na zile zilizochapishwa upya zina bei inayomfanya mwalimu afikirie nauli na unga kwanza. Maktaba Kuu ya Taifa ipo mjini, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika wapo kando ya barabara, ambako Musiba hulala kifudifudi juu ya kitabu cha hesabu. Lakini mjadala hauhitaji nakala 30. Jadi ya pwani ni mmoja kusoma na wengi kusikiliza, na riwaya ya upelelezi imeumbwa kwa ajili hiyo: sura moja kwa jioni moja, kisha kitabu kifungwe na kila mtu amtaje anayemshuku, na sababu zake. Atakayekwenda kusoma mwisho kwa siri atoe faini ya chai.

Kwa kuanzia, basi, nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale na moja ya Babu Alipofufuka zinatosha, meza moja ya shule baada ya saa za kazi, na walimu wawili au watatu walio tayari kuyafungua makabati yao na kuvirudisha vile vitabu walivyovikamata. Wenyewe waitwe nao waje. Inawezekana kijana wa kidato cha pili akaonekana anamjua Bwana Msa kuliko mwalimu wake, apewe kiti. Kisha liwekwe mezani swali moja: baina ya mzimu wa mwaka 1960 na babu wa mwaka 2001, yupi anayesema kweli? Kila atakayejibu na afungue ukurasa, awasomee wenzake pale alipoliona jibu.