Ukigongewa usiku, omba karatasi

Mwandishi wetu wa kujitegemea alizungumza na vijana wa kijiwe kimoja cha Mchikichini, jirani na soko la Karume, kuhusu upekuzi wa polisi. Haya ndiyo aliyoyasema.



Sikuja hapa kama wakili. Mimi nimeishia kidato cha nne kama wengi wenu. Nimekuja kusimulia ujinga wangu ili wewe usiurudie.

Usiku mmoja saa nane niligongewa mlango wa chumba changu cha uani. Walikuwa wanne, wawili na sare, wawili askari kanzu. Nikauliza wanatafuta nini, nikajibiwa kwamba nitajua mbele ya safari. Godoro likapinduliwa, sanduku likamwagwa. Wakachukua simu mbili, kinasa sauti changu cha kazi na shilingi 180,000 za kodi ya chumba. Kisha mmoja akanipa karatasi, akaimulika tochi chini kabisa ya ukurasa na kuniambia, "Saini hapa."

Karatasi ilikuwa tupu. Nikasaini!

Kesho yake jioni niliachiwa bila shtaka. Niliporudi kudai vitu vyangu nikaulizwa, "Vitu gani? Risiti yake iko wapi?" Sikuwa nayo. Mali ilipotea, lakini hilo si linaloninyima usingizi. Mpaka leo sijui juu ya saini yangu kumeandikwa nini. Pengine hakuna kitu. Pengine pameandikwa misokoto hamsini ya bangi.

Ndugu yangu, kesi ya kubambikiwa hufanikiwa palipokosekana karatasi, au palipo na karatasi ambayo hukuisoma. Hilo ndilo neno langu la leo.

NYUMBA YAKO NI YA NANI?

Waulizeni wazee wa Kariakoo habari za mwaka 1983. Mwezi Machi mwaka ule serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Wako walanguzi wa kweli waliokamatwa. Lakini hofu iliingia hata kwa wasio na kosa, watu wakatupa mali barabarani na mitaroni usiku, bora wasikutwe nayo. Mtu anaitupa sabuni aliyoinunua kwa fedha yake! Ndivyo inavyokuwa pale raia asipojua mpekuzi anaruhusiwa nini na amekatazwa nini.

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Maskani ni maskani tu. Katiba haikusema nyumba ya Masaki ndiyo yenye heshima na chumba cha kupanga cha Mchikichini hakina.

Ibara hiyo hiyo inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kisheria kuhusu lini na vipi haki hii inaweza kuingiliwa. Sehemu kubwa ya utaratibu huo iko katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2022.

NANI ANAWEZA KUKUPEKUA?

Polisi wanaweza kupekua, tusidanganyane. Mahakama inaweza kutoa hati ya upekuzi. Na kifungu cha 38 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake kibali cha maandishi, kama ana sababu za msingi za kushuku kwamba mahali fulani pana kitu kinachohusiana na kosa, na kukawia kutafanya kitu hicho kiondolewe au kiharibiwe. Akitoa kibali hicho, anapaswa kumwarifu hakimu mapema iwezekanavyo: alikitoa kwa sababu gani, na kimepatikana nini. Kwa hiyo hata mkuu wa kituo ana mtu wa kumwuliza.

Je, usiku? Kifungu cha 40 kinasema hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Mgeni wa saa nane usiku ana haki ya kuulizwa ruhusa hiyo iko wapi.

Usikimbilie kushangilia. Upo mlango wa dharura, nao ni kifungu cha 42. Askari akiamini kwa sababu za msingi kwamba ushahidi utapotea, na jambo lenyewe ni zito na la haraka lisiloweza kungoja, anaweza kupekua bila hati. Mwizi aliyekimbilia chumbani kwako na bastola hangojewi mpaka jua lichomoze. Lakini dharura ni dharura. Mahakama ya Rufani imesisitiza katika hukumu zake za miaka ya karibuni kwamba pasipo dharura, upekuzi unahitaji hati au kibali. Watu waliokaa tangu asubuhi wakipanga safari ya kuja kwako, wakakusanya askari, wakatafuta gari, watajieleza vipi kwamba hawakupata nafasi ya kuandika karatasi moja?

Jueni pia kwamba sheria hii haiko peke yake. Dawa za kulevya, kwa mfano, zina sheria yake ya mwaka 2015 yenye vifungu vyake. Basi usimwambie afande kwamba wewe unajua kila kitu. Muulize tu: "Afande, mnapekua kwa sheria gani, na hati iko wapi niisome?"

SHAHIDI WAKO NI NANI?

Hapa nataka wana-mageuzi mnisikilize vizuri. Kanuni za kudumu za Jeshi la Polisi lenyewe, PGO namba 226, zinataka upekuzi ufanyike mbele ya shahidi huru, mtu mwenye heshima zake. Mitaani kwetu shahidi huyo amezoeleka kuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Lakini mjumbe ni nani? Ngazi ya nyumba kumi ilianzishwa na TANU miaka ya sitini, CCM ikairithi mwaka 1977. Enzi za chama kimoja, mjumbe alikuwa chama na serikali kwa pamoja. Vyama vingi vilirudi Julai 1992, na tangu hapo balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama kimoja tu. Sina ugomvi naye. Wengi wao ni wazee wetu waliotulea. Lakini wewe mwenye kadi ya upinzani, unayegombana naye kila uchaguzi, utasemaje kwamba huyo ndiye shahidi huru wako?

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye mwenye nafasi ya kiserikali. Naye huenda ana kadi ile ile, maana uchaguzi wa Novemba 2024 ulitangazwa kuipa CCM karibu mitaa yote. Basi pamoja naye, omba na jirani. Mwite mwenye nyumba, mwite mama muuza chapati wa mlango wa pili. Piga kelele za heshima: "Majirani, njooni mshuhudie!" Mpekuzi mwenye nia safi hatakasirishwa na macho mengi.

Nyongeza hii ni busara yangu tu, si kifungu. Waombe wapekuzi waoneshe mikono na mifuko yao mbele ya shahidi kabla ya kuingia. Omba kipekuliwe chumba kimoja kimoja, wewe na shahidi mkiwa ndani. Kete haina miguu. Ikionekana chini ya mto wako, iliingia na mtu.

Kama anayepekuliwa mwilini ni mama, dada au mke wako, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hapo usione haya kusema.

KARATASI YA MWISHO

Kitu kikichukuliwa, kifungu cha 38 kinataka utoe saini na upewe risiti, na mashahidi nao wasaini. Hapa ndipo mimi nilipoanguka. Soma kabla ya kusaini. Kama kusoma kunakupa taabu, msomewe wewe na jirani kwa sauti. Kila kitu kiandikwe kwa alama zake: simu nyeusi, kioo kimepasuka kona ya kulia. Fedha zihesabiwe mbele ya wote na kuandikwa. Nafasi iliyobaki wazi ipigwe mstari. Karatasi tupu usiisaini. Kariri jina la askari, namba yake na saa. Ukipata nafasi, viandike usiku ule ule, kabla kichwa hakijapoa.

Kwa nini nasumbuka na karatasi? Kwa sababu kifungu cha 169 kinaipa mahakama uwezo wa kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu. Si kila mara itaukataa. Lakini wakili wako atasimama na nini, kama wewe humkumbuki hata shahidi aliyekuwepo?

Nawasihi, usimsukume askari. Usikimbie. Usimfungie mlango mwenye hati, kwa maana anaruhusiwa kuuvunja. Ukirusha ngumi, ule upekuzi haramu unasahauliwa na wewe unapewa kesi halali ya kumshambulia askari. Hapo umewapa bure walichokuja kukitafuta.

Ukionewa, andika malalamiko kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kamanda wa mkoa, ubaki na nakala yenye mhuri. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Wengine watasema mambo yote haya ni chuki za wapinzani. Mbona Rais mwenyewe aliunda tume ya haki jinai Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman? Nyumba isiyovuja haiitiwi fundi.

Nimalizie. Mimi nilidhani ushujaa ni kukunja uso. Kumbe usiku ule ushujaa ulikuwa kusema sentensi moja kwa sauti ya upole: "Afande, naomba kuisoma kwanza." Sikuisema. Wewe ijaribu leo ukiwa hapa kijiweni, ulimi uizoee, ili siku mlango ukigongwa isikukwame kooni.